Nimejaribu pikipiki mbili za spoti za daraja la kati: kwa nini yenye nguvu ndogo ndiyo iliyoonekana kali?

#1 MshikaKlachi (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Ninajiandaa kununua pikipiki yangu ya kwanza ya spoti ya daraja la kati, baada ya kutumia kwa muda mrefu pikipiki ya kawaida yenye usukani wa juu. Juzi nilipata nafasi ya kuendesha kwa majaribio pikipiki mbili mfululizo, katika barabara ileile na hali ya hewa ileile. Ya kwanza ina injini ya silinda nne zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa karibu sentimita za ujazo 600 na nguvu farasi zaidi ya 110. Ya pili ina silinda mbili, ujazo wa karibu 700, na nguvu farasi zinazozidi 70 kidogo tu.

Kwa takwimu hizo hapakuwa na mashindano. Barabarani mambo yalikuwa kinyume: kila nilipotoka kwenye kona nikiwa gia ya tatu na kuvuta mafuta, ya silinda mbili ilichomoka mara moja, ilhali ya silinda nne ilijikokota. Isitoshe, hiyo ya silinda nne iliniumiza vifundo vya mikono kabla safari haijafika nusu. Je, ilikuwa na hitilafu, au ndivyo zilivyo? Na mtu anawezaje kuamua juu ya chombo atakachokaa nacho miaka kadhaa kwa kukiendesha nusu saa?

#2 FundiSilinda

Mkuu, ndivyo zilivyo. Hukutaja majina, kwa hiyo nitatumia mifano miwili inayofanana na ulizoeleza. Yamaha YZF-R6 ya 2017, ya silinda nne, hutoa kilowati 87, lakini kwenye mizunguko 14,500 kwa dakika. Torki yake ya juu kabisa, yaani nguvu ya msokoto wa injini, ni Nm (newton-mita) 61.7 na hupatikana kwenye mizunguko 10,500. YZF-R7, ya silinda mbili, hutoa kilowati 54 kwenye mizunguko 8,750, na torki ya Nm 67 kwenye mizunguko 6,500 tu. Maana yake ni kwamba, katika mizunguko ambayo mtu wa kawaida huitumia barabarani, injini iliyo "dhaifu" ndiyo yenye msokoto mkubwa zaidi.

Chanzo chake kimo ndani ya silinda. Pistoni ya R6 ina kipenyo cha milimita 67 na husafiri milimita 42.5 pekee, ilhali ya R7 ina kipenyo cha milimita 80 na husafiri milimita 68.6. Safari fupi huiwezesha injini kuzunguka kwa kasi kubwa bila pistoni kujiharibu, lakini njia za hewa na mikao ya valvu (vifuniko vinavyoingiza hewa na kutoa moshi) vilivyotengenezwa kwa ajili ya kasi hiyo havijazi silinda vizuri injini inapozunguka taratibu.

#3 MlalaKona

Takwimu za Fundi ni sahihi, ila hitimisho lake silikubali. Torki inayopimwa kwenye injini si msukumo unaofika kwenye tairi, kwa sababu katikati yake pana gia. Injini inayofika mizunguko 16,000 hufungiwa uwiano mfupi zaidi wa gia, na uwiano huo huzidisha msokoto njiani. Kwa mwendo uleule wa barabara, kinachoamua pikipiki ipi itachomoka ni nguvu inayotolewa wakati huo.

Chukueni namba zilezile za #2 mzipigie hesabu. R6 ikiwa kwenye mizunguko 14,500 bado ina msokoto wa kama Nm 57, na R7 kwenye kilele chake cha nguvu ina kama Nm 59. Msokoto unakaribia kulingana. Kinachotofautiana ni kwamba moja inausukuma huo msokoto mara nyingi zaidi kwa kila dakika. Humo ndimo nguvu ya silinda nne ilimo, na asiyeifikia hajaiendesha.

Mleta uzi alikuwa gia ya tatu. Pikipiki za silinda nne za daraja hili hupita kilomita 100 kwa saa zikiwa gia ya kwanza, kwa hiyo gia ya tatu kwenye kona ya barabara ya kawaida ni kuiambia injini ilale. Angeshuka gia mbili, uzi huu usingefunguliwa.

#4 BiSprokiti

Nawashukuru nyote wawili kwa hesabu, lakini mbona hakuna aliyeuliza kama mleta uzi alipima au alihisi? Sina maana kwamba hisia ni jambo dogo. Mimi mwenyewe huchagua pikipiki kwa hisia. Ninachosema ni kwamba injini nyingi za siku hizi za silinda mbili sambamba zina krankishafti (mhimili unaozungushwa na pistoni) iliyopangwa kwa nyuzi 270, hivyo milipuko yake hufuatana kwa vipindi visivyo sawa: nyuzi 270, kisha 450. Silinda nne za kawaida hulipuka kila baada ya nyuzi 180, kwa mfululizo usiobadilika. Mwili wa mwendeshaji huuhisi ule mdundo usio sawa kama msukumo, na huuhisi ule mfululizo laini kama utulivu, hata pale ambapo saa ya kupimia ingeonyesha tofauti ndogo sana.

Mtu akitaka kujua ukweli, na aangalie kipima mwendo akitoka kwenye kona ileile kwa kasi ileile ya kuanzia.

#5 MzeeFoki

Vijana, mnakimbilia ndani ya injini kabla ya kuuliza pikipiki ilikuwa katika hali gani. Pikipiki za majaribio hupita mikononi mwa watu wengi. Je, ilikuwa kwenye mpangilio gani wa kielektroniki? Nyingi za leo zina mpangilio wa mvua unaopunguza nguvu na kulainisha mwitikio wa mafuta, na aliyetangulia akiiacha hapo, anayefuata hupewa pikipiki iliyofungwa breki bila kujua. Je, upepo wa matairi ulikaguliwa? Mshuko wa springi, yaani kiasi zinavyobonyea mtu akikaa, je? Tairi yenye upepo pungufu huifanya pikipiki ya kilo 190 igome kuingia kwenye kona, na mwendeshaji husema fremu ni nzito.

Jambo la kwanza kwenye majaribio ni kushika geji ya upepo. Kuvuta mafuta kuje baadaye.

#6 MshikaKlachi (mleta uzi)

Ahsanteni. Mzee Foki, mpangilio niliutazama kabla ya kuondoka na ulikuwa wa barabara kavu. Matairi yalikaguliwa mbele yangu. Hata hivyo kuna jambo linaloweza kuwasaidia: ile ya silinda nne ilikuwa mpya, na mwenyeji wangu aliniomba nisizidishe mizunguko 8,000 kwa sababu injini ilikuwa bado inazoeshwa. Ya silinda mbili ilikwishatembea vya kutosha, haikuwa na sharti lolote.

Dada Sprokiti, sikupima. Nilihisi tu.

#7 MlalaKona

Basi kesi imekwisha. Kwenye mizunguko 8,000 ile ya silinda mbili ilikuwa imekupa karibu nguvu zake zote, na ile ya silinda nne imekupa karibu nusu. Umelinganisha pikipiki moja nzima na nusu ya nyingine.

#8 FundiSilinda

Haijaisha, ndugu yangu. Sharti lile la mizunguko 8,000 lilimpa picha sahihi ya maisha ya kila siku kuliko ambavyo angepata bila sharti. Anayekwenda kazini, anayepita katikati ya magari, anayesafiri na mizigo mgongoni, ni wapi huko atakakokaa kati ya mizunguko 10,000 na 15,000? Ukishuka gia mbili kama unavyoshauri, utakuwa na kelele, joto na mtetemo kwa kila kona, na katika gia ya kwanza utakuwa umevunja sheria ya mwendo kabla mshale wa mizunguko haujafika mahali pazuri. Nguvu ambayo barabara haikuruhusu kuitumia si sifa ya pikipiki kwa mtu anayeitumia barabarani.

Wewe Kona umekaa kwenye viwanja vya mbio kwa muda mrefu hadi barabara ya kawaida unaiona kama njia ya kurudi kambini.

#9 MlalaKona

Nalikubali hilo la viwanja, kwa kuwa huko ndiko pikipiki hizi zilikozaliwa. Daraja hili lilikua kwa sababu ya mbio za silinda nne zisizozidi 600. Ndiyo sababu Kawasaki, ilipoiongezea Ninja ZX-6R yake ujazo hadi 636 mwanzoni mwa miaka ya 2000, ililazimika pia kutoa ZX-6RR ya 599 kwa ajili ya mashindano. Anayenunua 600 ananunua chombo cha mizunguko ya juu, na hapaswi kukihukumu kwa kazi nyingine.

#10 Mnyororo_Mkavu

Nikiongezea kwenye historia ya mizunguko: R6 ilipozinduliwa mwaka 1998 ilikuwa ya kwanza...

#11 BiSprokiti

Samahani kukukatiza, Mnyororo. Ilitangazwa mwishoni mwa 1998, lakini toleo lake la kwanza ni la 1999. Na kwa kuwa tunazungumzia mizunguko, tusisahau R6 ya 2006: ilitangazwa kuwa na ukomo wa mizunguko 17,500, ikabainika kwamba kipimo kwenye dashibodi kilikuwa kikisoma zaidi ya uhalisia, na Yamaha ikajitolea kuzinunua tena kutoka kwa wateja waliohisi wamedanganywa. Naitaja kwa sababu inahusu swali lililofungua uzi huu. Namba za kwenye karatasi huuza pikipiki hata pale ambapo hakuna atakayezifikia.

#12 Mnyororo_Mkavu

Nimekubali marekebisho. Nilichotaka kusema ni kwamba soko lenyewe lilikwishajibu. R6 iliondolewa barabarani Ulaya baada ya 2020, viwango vya moshi vya Euro 5 vilipoanza, ikabaki toleo la viwanjani tu. Badala yake zimekuja Aprilia RS 660, Yamaha R7 na Suzuki GSX-8R, zote za silinda mbili sambamba. Hata mbio za dunia za Supersport zilibadilisha kanuni mwaka 2022 ili kuruhusu injini kubwa zaidi zenye silinda chache. Kama silinda nne za 600 zingekuwa zinawafaa wapandaji wa kawaida, zisingeachwa.

#13 FundiSilinda

Hapo umekaza mno, ingawa uko upande wangu. Honda iliirudisha CBR600RR, ya silinda nne, Ulaya mwaka 2024, na ZX-6R ya Kawasaki ilisasishwa mwaka huohuo. Zaidi ya hayo, sheria za leseni zimechangia: leseni ya A2 huko Ulaya inaruhusu kilowati 35, na pikipiki iliyopunguzwa nguvu haipaswi kuwa imetokana na yenye zaidi ya kilowati 70. R7 yenye kilowati 54 inapita, R6 yenye 87 haipiti. Mtengenezaji anayetaka kumpata mpandaji chipukizi hana budi kuelekea kwenye silinda mbili, hata kama silinda nne ingekuwa tamu kuliko asali.

#14 Kifua_Tangini

Naomba turudi kwenye vifundo vya mikono, maana mmelipita jambo ambalo ndilo huwafanya watu wauze pikipiki hizi mapema. Mimi namiliki ya silinda nne na nimekaa nayo miaka mingi. Mwanzoni mikono ilikufa ganzi kila safari. Dawa niliyoipata ni kubana tangi kwa magoti na kuubeba mwili kwa misuli ya tumbo na mgongo, ili mikono ibaki kushika tu. Kiwiko kikiwa kimenyooka na kufungwa, uzito wote wa kifua hushukia kwenye kifundo, na kila shimo la barabara hupiga papo hapo. Kuna jambo jingine ambalo nusu saa ya mjini haiwezi kukuonyesha: mwendo ukiongezeka, upepo hukiinua kifua na mikono hupumzika. Mkao uleule unaotesa kwenye kilomita 50 kwa saa hutulia ukifika 110.

#15 MzeeFoki

Kifua, misuli ni kweli, ila usimbebeshe mwendeshaji lawama zote. Mara nyingi pikipiki ya majaribio hufika ikiwa springi ya nyuma imekazwa kwa ajili ya mtu mzito zaidi. Akikaa mtu mwepesi, nyuma inabaki juu, mbele inainama, na uzito wake wote unateleza kuelekea mikononi. Mshuko unaofaa barabarani, mwendeshaji akiwa amekaa na mavazi yake yote, ni karibu milimita 30 hadi 35. Watu wawili wenye futi ya kupimia hulimaliza jambo hilo kwa dakika chache. Tazama pia pembe ya mikono ya breki na klachi: ikiwa imeelekezwa juu mno, kifundo hukunjwa kila unapoigusa.

#16 BiSprokiti

Mimi naona nyote wawili mnaiokoa pikipiki ambayo huenda haimfai tu. Vipimo vya mwili havirekebishwi kwa spana. Kiti cha R6 kiko milimita 850 kutoka ardhini, na cha Triumph Daytona 660 ya 2024 ni milimita 810; zote mbili ni za daraja la kati na zote huitwa za spoti. Kuna zenye vishikizo vilivyofungwa chini ya bamba la juu la foki (miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele), na kuna zenye vishikizo vilivyoinuliwa juu ya bamba hilo, kama Honda CBR650F, ambayo nayo ni ya silinda nne. Kwa hiyo maumivu ya mikono hayana uhusiano na idadi ya silinda. Mleta uzi anaweza kuikataa ile aliyoijaribu bila kuikataa silinda nne.

#17 Pedi_Nyembamba

Habari zenu. Nimesoma kimyakimya hadi hapa, na naona hakuna aliyegusa umiliki wenyewe. Nguvu hujaribiwa kwa nusu saa, lakini matunzo hukaa nawe. Pikipiki zote mlizozitaja huvaa tairi ya nyuma ya ukubwa wa 180/55 ya inchi 17, na tairi za spoti zenye mpira laini huisha katikati ukiwa mtu wa barabara ndefu zilizonyooka. Mnyororo unahitaji mafuta mara kwa mara na hasa baada ya mvua, na ulegevu wake upimwe kwa kuzungusha gurudumu sehemu kadhaa, kwa sababu mnyororo uliochakaa hulegea sehemu moja na kukaza sehemu nyingine. Mafuta ya breki yabadilishwe kila miaka miwili hata kama hukutembea, kwa kuwa huvuta unyevu wa hewani.

Kubwa zaidi ni mwanya wa valvu. Silinda nne zina valvu 16, silinda mbili zina 8, na katika zile za spoti fundi hulazimika kuondoa mabamba ya plastiki, tangi na kasha la hewa kabla hajaiona injini. Ukaguzi huo huja baada ya makumi ya maelfu ya kilomita, ndiyo maana wauzaji wengi wa pikipiki zilizotumika hukuuzia muda mfupi kabla yake. Uliza karatasi za kazi hiyo kabla ya kuuliza rangi.

#18 Mnyororo_Mkavu

Nikubaliane na Pedi, na niongeze dalili za kutazama kwenye iliyotumika. Vizuizi vya usukani kwenye fremu: vikiwa vimepondeka au kupakwa rangi upya, pikipiki ilikwisha kuanguka. Ncha za vishikizo na za vikanyagio zilizosagika upande mmoja. Tarakimu nne ubavuni mwa tairi, ambapo 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Na bolti zilizotobolewa vitundu vidogo vya kupitisha waya wa usalama: hiyo ni alama ya kiwanja cha mbio, achana nayo.

#19 MlalaKona

Hilo la mwisho nalipinga kwa nguvu zote. Mtu wa kiwanjani hubadilisha oili mapema, hukagua pedi kila anapotoka, na injini yake hupashwa moto vizuri kabla ya kukamuliwa. Afadhali hiyo kuliko iliyowashwa asubuhi ya baridi na kukimbizwa papo hapo kila siku.

#20 Pedi_Nyembamba

Injini huenda ikawa salama, Kona, lakini je, fremu na foki? Kiwanjani watu huanguka, na plastiki mpya huficha mengi. Tutabaki na mitazamo miwili.

#21 MshikaKlachi (mleta uzi)

Nimefaidika sana. Nimepanga kuirudia ile ya silinda nne itakapokuwa imemaliza kuzoeshwa, bila sharti la mizunguko. Nifanye nini tofauti safari hii? Na je, kama bado nitaiona nzito mizunguko ya chini, kubadilisha sprokiti (magurudumu yenye meno yanayobeba mnyororo) kunasaidia?

#22 MzeeFoki

Kaa juu yake ikiwa imezimwa hadi uchoke, kabla ya kuiwasha. Geuza usukani hadi mwisho pande zote mbili uone kama vidole vinabanwa na tangi. Zunguka nusu duara kwa mwendo wa kutembea. Simama kwenye foleni uone joto linavyopanda mapajani. Jaribu breki kwa nguvu mahali peupe, kwanza taratibu, kisha kwa kuongeza. Hayo ndiyo utakayokutana nayo kila siku.

#23 MlalaKona

Nami naomba utoke kwenye kona ileile mara mbili, mara moja kwa gia ya tatu na mara moja kwa gia iliyoweka mshale juu ya 10,000, kisha utuletee majibu. Fanya hivyo mahali unaporuhusiwa.

#24 FundiSilinda

Kuhusu sprokiti: inasaidia kwa kiasi. R6 hutoka kiwandani na meno 16 mbele na 45 nyuma. Ukiweka 15 mbele, uwiano hupanda kutoka 2.81 hadi 3.00, yaani msukumo kwenye tairi huongezeka kama asilimia 6.7 katika kila gia. Ni badiliko la bei nafuu kuliko mengine yote, na linarudishwa kirahisi. Angalia tu kama kihisi cha mwendo kiko kwenye gurudumu au kwenye sanduku la gia, kwa sababu kikiwa kwenye gia, kipima mwendo kitaanza kusoma zaidi ya ukweli.

#25 BiSprokiti

Jina langu linanilazimu nisinyamaze hapa. Hiyo asilimia 6.7 hailetwi bure: pale ulipokuwa ukisafiri kwa mizunguko 6,000, sasa utakuwa kwenye 6,400 safari nzima, na pamoja nayo mtetemo zaidi kwenye vishikizo. Aliyelalamikia vifundo vya mikono aupime mtetemo huo kwanza. Tena sprokiti ndogo ya mbele huukunja mnyororo kwa pembe kali zaidi, hivyo huuchakaza mapema. Mimi ningeongeza meno mawili au matatu nyuma badala ya kupunguza moja mbele.

#26 FundiSilinda

Meno matatu nyuma ni karibu asilimia 6.7 ileile, Dada Sprokiti, kwa hiyo mizunguko ya safari itapanda vilevile. Unachookoa ni mnyororo tu, na huenda ukahitaji mrefu zaidi. Ila hoja ya pembe ni ya kweli, nami huwaeleza wateja hivyo hivyo.